Karatasi 1,513 na jina lisilosomwa: uchaguzi wa meya wa Burlington, 2009

Chukua karatasi moja ya kura. Nafasi ya kwanza kaandikwa Kurt Wright, ya pili Andy Montroll, ya tatu Bob Kiss. Mwenye karatasi hii anamtaka Wright. Montroll anaweza kumvumilia. Asichotaka kabisa ni Kiss kuendelea kuwa meya. Alipiga kura hiyo tarehe 3 Machi 2009 mjini Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Duru ya kwanza ikahesabiwa kwa Wright, ya katikati kwa Wright, ya mwisho kwa Wright. Wright akashindwa, Kiss akarudi ofisini, na lile jina la pili halikusomwa na yeyote.

Ukiwaweka kando wagombea wadogo na kuwatazama watatu hawa tu, karatasi zenye mpangilio huo zilikuwa 1,513. Ni rundo kubwa katika uchaguzi uliopigiwa kura na watu wasiofika 9,000. Wenye karatasi hizo walitakiwa waandike kilichomo moyoni, wakakiandika, na kwa kuandika hivyo walimrudisha madarakani mtu waliyemweka mkiani. Laiti mmoja kati ya kila wanne wao angedanganya, wangempata meya waliyemkubali zaidi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza. Mpiga kura anawapanga wagombea kwa nafasi. Zinahesabiwa nafasi za kwanza. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, anayeshika mkia anaondolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa jina linalofuata ambalo bado limo kinyang'anyironi. Inaendelea hivyo mpaka mmoja avuke nusu ya karatasi zilizobaki. Wananchi wa Burlington waliupitisha mwaka 2005, wakautumia kumchagua meya mwaka 2006, kisha 2009. Sifa yake iliyovutia wengi ni kwamba unamweka umpendaye kuwa chaguo la kwanza bila hofu ya kugawa kura, kwa kuwa akianguka, kura yako inakwenda kwa wa pili.

Sifa hiyo ni ya kweli kwa watu fulani. Nitarudi kwao.

Burlington ni mji mkubwa kuliko yote Vermont, na siasa zake hazina kambi mbili tu. Bernie Sanders aliuongoza kama meya kuanzia 1981 hadi 1989, na mrengo uliokua kutokana na enzi zile, ambao leo ni chama cha Progressive, una nguvu pale kama chama kingine chochote. Kwa hiyo mwaka 2009 kulikuwa na watatu wazito: Kiss wa Progressive aliyekuwa akitetea kiti, Wright wa Republican, na Montroll wa Democratic. Pembeni yao alikuwepo Dan Smith, mgombea huru, na James Simpson wa chama cha kijani. Montroll alisimama katikati ya Wright na Kiss, na nafasi hiyo ya katikati ndiyo iliyomponza.

Nafasi za kwanza zilitoka hivi: Wright 2,951, Kiss 2,585, Montroll 2,063, Smith 1,306, Simpson 35, na majina yaliyoandikwa kwa mkono 36. Smith na hao wadogo wakaondolewa. Kura zao zikatawanyika karibu sawasawa, Montroll akipata 491, Kiss 396 na Wright 343. Watatu wakabaki na 3,294 za Wright, 2,981 za Kiss, 2,554 za Montroll. Montroll akawa wa mwisho, akatoka. Karatasi zake 1,332 zikaenda kwa Kiss, 767 kwa Wright, na 455 zikakomea hapo kwa sababu hazikuwa na jina jingine la kuhamia. Matokeo ya mwisho: Kiss 4,313, Wright 4,061.

Mpaka hapo hakuna la ajabu. Lakini karatasi za kura zilitolewa hadharani zikiwa na mpangilio wote, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza swali ambalo utaratibu wenyewe haukuuliza: je, wangepambanishwa wawili wawili? Montroll dhidi ya Kiss, Montroll anashinda kwa takriban 4,067 kwa 3,477. Montroll dhidi ya Wright, anashinda kwa takriban 4,597 kwa 3,668. Yaani aliyeondolewa wa kwanza kati ya watatu ndiye ambaye wengi walimpendelea kuliko Kiss, na wengi walimpendelea kuliko Wright. Wataalamu humwita mtu kama huyo mshindi wa Condorcet, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 18. Alikuwa chaguo la pili la watu wengi mno, ila utaratibu huu hausomi chaguo la pili la karatasi ambayo mgombea wake wa kwanza bado yumo.

Sasa turudi kwenye rundo la Wright. Karatasi zake 1,513 zilimweka Montroll mbele ya Kiss, 495 zikamweka Kiss mbele ya Montroll, na 1,289 hazikumtaja yeyote kati ya hao wawili. (Ukijumlisha unapata tatu zaidi ya 3,294 za matokeo rasmi. Tofauti ya kura mbili tatu kama hiyo hujitokeza kati ya mafaili ya karatasi na matokeo rasmi, na hapa haibadilishi lolote.)

Tuseme baadhi ya wale 1,513 wangempandisha Montroll juu ya Wright, kinyume na wanavyopenda. Ni wangapi wangetosha? Wengi hudhani walitakiwa wa kutosha kumwezesha Montroll kumpita Kiss, yaani 428. Sivyo. Kila anayehama anamwongezea Montroll moja na kumpunguzia Wright moja, kwa hiyo pengo linalofungwa haraka ni lile la kati ya hao wawili. Wakihama 370, Montroll na Wright wanafungana kwa 2,924. Akihama mmoja zaidi, Montroll ana 2,925, Wright 2,923, Kiss 2,981. Anayetoka ni Wright. Karatasi zilizobaki za Wright sasa zinafunguliwa nafasi ya pili, na Montroll anamshinda Kiss kwa zile 4,067 kwa 3,477.

Watu 371 tu. Hao wangekuwa wamemwangusha kipenzi chao kwa mikono yao wenyewe, na wangeondoka na meya wanayemkubali badala ya wasiyemtaka. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Hii ndiyo sura chungu kuliko zote za upigaji kura wa kimkakati: si kumshusha unayemchukia, ni kumsaliti umpendaye. Na hii ndiyo hasa waliyoambiwa kwamba hawatahitaji kuifanya tena.

Kuna jambo moja la kushangaza ndani ya hesabu hii. Wangehama wachache mno, tuseme 200, wasingepoteza kitu. Montroll angefika 2,754, bado wa mwisho, angetoka, na kura zao zingerudi kwa Wright kwa pambano la mwisho kana kwamba hawakuwahi kuhama. Wangehama wote 1,513, pia sawa, Montroll angepita. Kwa namba zilivyokuwa, usaliti huo haukuwa na gharama hata chembe, ila ni rahisi kusema hivyo leo tukiwa na karatasi zote mezani.

Jiweke katika nafasi ya mpiga kura wa Wright asubuhi ya siku ile. Anachojua ni nini? Anajua ya 2006. Mwaka ule mgombea wa Republican, Kevin Curley, alikuwa wa tatu, akaondolewa, na ni karatasi zake ndizo zilizosomwa nafasi ya pili katika kuamua kati ya Kiss na Hinda Miller wa Democratic. Funzo la 2006 kwa mtu wa Republican lilikuwa: weka wa kwenu kwanza, kisha fikiria vizuri wa pili, kwa sababu wa pili ndiye atakayehesabiwa. Mwaka 2009 funzo hilo lilimgeuka. Mgombea wake alikuwa na nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo iliyolifunga jina la pili.

Tena hakujua kama Wright atashindwa. Pengo la mwisho lilikuwa 252. Laiti kura 127 kati ya zile zilizomwendea Kiss katika duru ya mwisho zingekwenda kwa Wright, Wright angekuwa meya, 4,188 kwa 4,186. Katika hali hiyo, wale 371 wa kusaliti wangekuwa wamemtupa nje mtu wao aliyekuwa anashinda, na kujipa wa pili bure. Yaani tofauti kati ya ujanja na ujinga ilikuwa kura 127 katika karibu 9,000. Hakuna kura ya maoni ya mji mdogo inayoweza kuona tofauti hiyo, na mimi nisingemlaumu mtu wa Wright aliyeandika ukweli. Ninachokataa ni kumwambia kwamba ukweli huo hauna hatari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi wa utaratibu huu, na vilevile na wapinzani wake. Watetezi husema ujanja hauwezekani. Unawezekana, 371. Wapinzani husema basi kila mtu atakuwa mjanja. Hapana, maana ujanja huu unataka ujue nani atashika mkia kati ya watatu na pia nani atashinda pambano la mwisho, yote mawili kabla hayajatokea. Kishawishi kipo, lakini macho ya kukiona hayapo, au yapo kwa wachache wenye takwimu.

Sasa wale watu fulani niliosema nitarudi kwao. Mtazame mpiga kura wa Dan Smith, au wa Simpson mwenye kura 35. Huyu analindwa kabisa. Mtu wake hana nafasi ya kushinda wala ya kumzuia mwingine, ataondoka mapema, na kura itahama ikiwa nzima. Kwa mtu huyu ahadi imetimizwa, na ni jambo jema: chini ya kura ya jina moja angebanwa aache moyo wake nyumbani. Hatari haipo kwa wafuasi wa wagombea wadogo. Inawakuta wafuasi wa mgombea aliye mkubwa kiasi cha kumtoa mtu wa katikati, lakini si mkubwa kiasi cha kushinda. Mgombea anapokua kutoka udogo kuelekea ukubwa, anapita kwenye ukanda huo wa hatari, na wafuasi wake ni wa mwisho kujua kwamba wameshaingia. Chama cha tatu kinachofurahia utaratibu huu kingali kidogo kingefaa kulikumbuka hilo siku kitakapofikisha theluthi ya kura.

Karatasi za Burlington zina kituko kingine, nami nakitaja kwa sababu watu hawakiamini mpaka wakikokotoe wenyewe. Chukua wapiga kura 753 wa Wright, tuseme wale 495 waliomweka Kiss wa pili pamoja na 258 kati ya waliomwandika Wright peke yake. Tuseme wote wanampandisha Kiss nafasi ya kwanza. Kiss anapaa hadi zaidi ya 3,700. Wright anashuka hadi kama 2,540, chini ya Montroll, anaondoka. Pambano la mwisho linakuwa Kiss na Montroll, na Montroll anashinda kwa zaidi ya kura 300. Kiss ameongezewa kura mia saba na hamsini na tatu, hakupunguziwa hata moja, na ameshindwa kwa sababu hiyo. Sidhani kama kuna mtu atakayepiga kura kwa kukusudia namna hii. Lakini linaonyesha kwamba ushindi wa Kiss ulisimama juu ya kitu kimoja: Wright kuwa na nguvu za kutosha kumtoa Montroll.

Mtu atauliza, basi kwa nini tusimpe ushindi yule anayewashinda wote wawili wawili, tukamaliza? Swali zuri, na kwa kisa hiki jibu linapendeza. Ila taratibu hizo nazo zina ujanja wake, unaoitwa kuzika: unamshusha mpinzani wa karibu chini kabisa, hata chini ya mtu usiyemtaka. Wafuasi wa Kiss wangekuwa na hamu hiyo. Kati yao 2,043 walimweka Montroll mbele ya Wright. Kama 465 tu wangegeuza, wakamweka Wright mbele ya Montroll, Wright angemshinda Montroll, Montroll angemshinda Kiss, na Kiss angemshinda Wright. Duara, hakuna aliyewashinda wote. Kanuni mojawapo ya kulivunja duara ni kumchagua aliyeshindwa kwa tofauti ndogo kuliko wenzake. Kiss alishindwa na Montroll kwa kama 590, Wright na Kiss kwa kama 250. Montroll, wazikaji wakiwa 465 hivi, anashindwa na Wright kwa kura moja tu, kwa hiyo bado anashinda uchaguzi. Wakizika zaidi, wakifika kama 600, tofauti ya Montroll inazidi 250, na anayeibuka mshindi ni Wright! Wafuasi wa Kiss wangekuwa wamechimba kaburi na kumkabidhi mji mtu waliyemwogopa kuliko wote. Hakuna idadi ya wazikaji ambayo ingemfikisha Kiss.

Kwa karatasi zile zile, basi, utaratibu mmoja unampa zawadi mwenye kusema uongo na mwingine unamwadhibu. Siendi mbali kuliko hapo. Ni uchaguzi mmoja, na namba nyingine zingetoa hadithi nyingine. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba utaratibu wowote wa kumpata mshindi mmoja kutoka kwa watatu au zaidi wanaoweza kushinda, ili mradi hauamuliwi na mtu mmoja wala na bahati nasibu, una mahali fulani ambapo mtu anafaidika kwa kutoandika ukweli. Kwa hiyo kuuliza kama utaratibu una mwanya ni kupoteza muda. Swali lenye maana ni mwanya uko wapi, nani anaweza kuuona, na akikosea analipa nini.

Kuna wanaojifariji kwa kazi ya Bartholdi na Orlin ya mwaka 1991, iliyoonyesha kwamba kutafuta kura ya ujanja katika utaratibu wa kuondoa wa mwisho ni tatizo gumu hata kwa kompyuta. Ni kweli, wagombea wakiwa wengi. Wakiwa watatu, kalamu na karatasi vinatosha, kama ulivyoona hapo juu.

Wala Burlington si peke yake. Agosti 2022, Alaska ilijaza kiti cha Bunge la Marekani kwa utaratibu huu huu. Majina yaliyoandikwa kwa mkono yalipokwisha kuondolewa, Mary Peltola wa Democratic alikuwa na 75,799, Sarah Palin 58,973, Nick Begich 53,810, hao wawili wa mwisho wakiwa wa Republican. Begich akatoka, Peltola akamshinda Palin kwa 91,266 kwa 86,026. Karatasi zilipotazamwa, Begich angemshinda kila mmoja wa hao wawili wakikutana ana kwa ana. Wafuasi wa Palin waliompendelea Begich kuliko Peltola ndio wale wale wa Wright, kwa majina mengine.

Burlington yenyewe iliufuta utaratibu huo Machi 2010, kwa kura 3,972 dhidi ya 3,669, ikarudi kwenye ule wa zamani wa anayeongoza kushinda akifikisha asilimia 40, vinginevyo wawili wa juu wanarudiana. Si kwa sababu ya Condorcet. Ni wachache waliozungumza lugha hiyo. Wafuasi wa Wright walikuwa na hasira kwamba aliyeongoza duru ya kwanza hakushinda, na mji mzima ulikuwa ukimwandama Kiss kwa fedha za jiji zilizotumbukizwa katika kampuni ya mawasiliano ya jiji. Cha kuchekesha, utaratibu waliourudisha usingewaokoa. Wright alikuwa na asilimia 33, hakufika 40. Wangerudiana yeye na Kiss, na Montroll angekaa nje vilevile.

Mwaka 2021 wapiga kura waliurudisha utaratibu wa kupanga nafasi kwa madiwani, na 2023 wakakubali utumike tena kwa meya. Kanuni ya kumwondoa anayeshika mkia haikuguswa.